Niliagiza stendi 60, zikaja za juu ya kaunta

Ngoja niwasimulie kilichonifanya nikae chini nijifunze majina ya maboksi, maana nikimwambia mtu kuna aina kibao za stendi za boksi, zile za kupangia bidhaa dukani, na kila moja ina jina lake anaona namzingua, boksi si boksi tu. Hata mi nilikuwa hivohivo. Nilikuwa nimeanza kazi kwa msambazaji mmoja wa biskuti na juisi hapa Dar, cheo kwenye karatasi kilikuwa kirefu kuliko mshahara ila kazi yenyewe ilikuwa kukimbizana na mamachandaiza, wale wa kupanga bidhaa madukani, kuhesabu katoni na kuhakikisha mzigo unaonekana dukani. Siku moja bosi akaniita, kuna biskuti mpya inaingia, tafuta stendi 60 za boksi tuweke kwenye supamaketi na minimaketi, una wiki tatu. Nikaona kazi ndogo. Nikamtumia meseji jamaa wa kiwanda cha kuchapa: "Kaka habari za kazi, naomba bei ya stendi 60 za boksi za biskuti, shelfu tatu, juu iwe na kichwa chenye logo, kama hii picha." Picha nimeitoa mtandaoni, stendi kali imesimama peke yake kwenye weupe, hakuna mtu pembeni, hakuna mlango, hakuna hata kiatu cha kukuonesha ukubwa wake.

Bei ilipokuja nikajipongeza kwa soda baridi. Nikawaambia wenzangu ofisini nyie mmekuwa mkiibiwa siku zote. LPO, yaani karatasi ya oda, ikatoka, siku ya mzigo nimekodi kirikuu mbili, nimefagia kona nzima ya stoo, na vijana wawili wa kushusha nimeshawapa na hela ya chai. Mzigo ukaja kwenye bajaji ya mizigo. Moja. Nikamuuliza dereva zingine ziko wapi, akaniangalia, "Zingine zipi tena bro, ndo hizi." Nikafungua. Stendi nzuri kabisa, shelfu tatu kama nilivyosema, kichwa kina logo kama nilivyosema, rangi imetulia, na urefu wake sentimita 45. Nikiisimamisha sakafuni inaniishia gotini.

Nikampigia jamaa. "Kaka mbona ndogo?" Akanyamaza kidogo afu akasema, "Kwani we ulitaka za chini?" Nikamwambia ndio, za chini, za kusimama. "Sasa hizo si zimesimama? Kwa bei ile ungepata za chini kweli?" Hapo sikuwa na la kujibu, kwa sababu nikirudia ile meseji yangu hakuna sehemu hata moja nimesema sakafu, wala kimo, wala kilo. Nimeandika stendi. Na neno stendi hapa kwetu limemeza kila kitu, la mabasi humohumo, la kuning'inizia nguo humohumo, la biskuti humohumo.

Basi ndo nikaanza kuuliza watu. Kitu cha kwanza, mjumuiko wa vitu vyote vya kuchangamsha bidhaa dukani watu wa masoko wanauita POSM, ukikutana na wa zamani watasema POP au POS tu, Wafaransa wao wanasema PLV. Nawashauri msitumie POS, kwa sababu ukimwambia meneja wa supamaketi kesho nakuletea POS mpya anajua unaleta mashine ya kuswaipu kadi, imenitokea, alikuwa ameshaandaa na soketi.

Humo ndani ya POSM mi nimegawanya makundi mawili kichwani kwangu: zinazobeba mzigo na zinazoongea tu. Zinazoongea tu nitazigusa huko mbele, hazina mambo mengi. Zinazobeba mzigo ndo zenye kesi, na kila jina lake ukiliangalia vizuri linajibu kitu kimoja, hiki kidude kinakaa wapi. Juu ya kaunta, sakafuni, ubavuni mwa shelfu, juu ya paleti (lile jukwaa la mbao la kubebea mzigo) au ndani ya shelfu yenyewe. Ukishajua kinakaa wapi nusu ya maswali ya kiwandani umeyajibu.

Ile iliyoniletea balaa inaitwa CDU, ya juu ya kaunta. Herufi ni za Waingereza, counter display unit. Wamarekani zile ndogo za mtindo wa trei wanaziita PDQ, na ukiuliza kirefu chake unaambiwa ni maneno ya kimtaani ya kusema chapchap, yaani unafungua, unaweka, unaondoka. Kuna za trei moja tu yenye mgongo uliosimama, kuna za ngazi kama zangu, na kuna zile zinazojishusha zenyewe, mteja akitoa pakiti ya chini ya juu inateremka kuchukua nafasi, hizo napenda sana kwa sababu hazionekani tupu mpaka dakika ya mwisho.

Sa nilikuwa na CDU 60 ambazo hakuna aliyeziomba, na supamaketi nyingi kaunta zao zimeshajaa bigijii na betri na huwezi kuweka kitu bila kulipia. Zikaenda kwa Mangi, yule mwenye duka la mtaani. Na duka la Mangi ndo chuo kikuu cha CDU, nawaambia ukweli, mtu anayechora hivi vitu akiwa ofisini kwenye kiyoyozi aje asimame nje ya wavu wa Mangi nusu saa. Kaunta ya Mangi ina mizani, ina daftari la madeni, ina kopo la pipi, ina simu mbili za miamala na chaja zake, na ina mkono wa Mangi mwenyewe, nafasi inayobaki ni kama sentimita 20 kwa 20 na hiyo hapewi kila mtu. Kwanza stendi inatakiwa itizame wapi? Sisi tulichapa upande wa mbele tu, mgongo mweupe, kwa hiyo ikitizama nje mteja anaona biskuti ila Mangi akitaka kumpa mteja anazunguka na mkono kama anatoa kitu mtaroni, na ikitizama ndani mteja anaona boksi jeupe. Mamangi wengi wakaigeuza ndani. Afu kichwa, kile chenye logo, kiliziba uso. Mzee mmoja kule Mbagala aliniambia vizuri kabisa, "Kijana wangu, hiki kibao kinaniziba, siwaoni wateja, na nisipowaona hizo biskuti zako ndo zitakuwa za kwanza kuondoka bila hela." Nilivyorudi wiki iliyofuata ameshakikata kwa kisu cha mkate, kwa mstari ulionyooka kuliko wa kiwandani.

Na feni. Hakuna mtu aliyeniambia kuhusu feni. CDU ya ngazi ikishauzwa safu ya mbele uzito wote unabaki nyuma na kichwa kinakuwa kama tanga la jahazi, feni ya Mangi ikigeuka upande ule inaenda kifudifudi au chali kutegemea na siku. Tukaanza kubandika gamu ya pande mbili chini, ile ya kubandikia vioo, ikasaidia, isipokuwa kwenye kaunta za mbao za zamani zenye vumbi la sembe.

Ile niliyoitaka mimi, ya chini, jina lake ni FSDU, free standing display unit. Tena Waingereza hao, Wamarekani wanasema ya sakafuni basi imeisha. Inasimama yenyewe bila kuegemea kitu, ina shelfu tatu mpaka tano, kichwa juu, na kimo cha kawaida ni kama kifua cha mtu mpaka usawa wa macho. Msiichanganye na standii, ile sanamu bapa ya mtu au chupa kubwa iliyokatwa kwenye boksi yenye mguu wa kuegemea nyuma, standii haibebi hata pipi, kazi yake ni watu kupiga nayo picha. Nimewahi kumsikia mtu kwenye kikao anaomba standii za juisi zenye shelfu, na kikao kizima kikakubali.

FSDU kesi yake kubwa ni kilo. Biskuti ni nyepesi, unaweza kujisahau, ila siku unataka kuweka juisi fanya hesabu kwanza. Chupa ya lita moja na nusu ni kilo moja na nusu na kidogo, ukipanga nne kwa tatu kwenye shelfu moja hizo ni chupa 12, umeshafika kilo 18, zidisha shelfu nne ni kilo 72, huyo ni mtu mzima amekaa ndani ya boksi. Na hapo haijaja mama na toto lake la miaka mitatu likaning'inia. Za vinywaji zinawekewa bomba jembamba la chuma chini ya ukingo wa kila shelfu, au boksi linakunjwa mara mbilimbili pale mbele, bila hivo shelfu inacheka, yaani inapinda katikati, na chupa zote zinakusanyika sehemu moja kama watu kwenye kivuli.

Aliyenifundisha kuhusu boksi lenyewe ni mzee mmoja wa kiwandani, mtu wa makamo ya baba yangu, nilimkuta anakunywa chai nikampa shikamoo nikamwambia nimekuja kujifunza, akacheka akachukua kipande cha boksi akakichana mbele yangu. Ndani ya boksi kuna karatasi ya mawimbi, ile inaitwa fluti, na juu na chini yake kuna karatasi bapa zinaitwa laina. Wimbi moja na laina mbili ndo boksi la kawaida, ukiongeza wimbi na laina nyingine unapata ukuta mara mbili. Mawimbi yana herufi na herufi zenyewe hazifuati ukubwa: A ni nene kama milimita 5, B kama 3, C iko katikati yao kama 4, E ni moja na nusu hivi, na F haifiki hata moja. Nikamuuliza mzee mbona C iko kati ya A na B, akasema kwa sababu zilipewa herufi kwa jinsi zilivyozaliwa, ni kama watoto, wa tatu anaweza kuwa mrefu kuliko wa pili. CDU zangu zilikuwa E, nyembamba, zinachapika vizuri kwa sababu uso wake ni laini. FSDU inataka B au E na B zilizogundishwa pamoja, na ya paleti inataka nene zaidi ya hapo.

Afu akanionesha kitu ambacho nakitumia mpaka leo. Alisimamisha kipande mawimbi yakiwa wima akaniambia kandamiza kwa kiganja, kikakaza. Akakilaza upande mawimbi yakawa ya ulalo, nikakandamiza kikanywea kama chapati. Kipande kilekile. Ndo maana kwenye stendi kuta zinazobeba mzigo lazima mawimbi yasimame kutoka sakafuni kwenda juu, na mchoraji wa bei rahisi anaweza kugeuza vipande ili vitoshe vingi kwenye shiti moja, karatasi inaokolewa, stendi inalala. Ukipewa sampuli chungulia ukingo wake kabla hujasifia rangi.

Na historia yake ina vituko. Haya mawimbi yalianza Uingereza mwaka 1856, na hayakuwa ya boksi, yalikuwa ya kuweka ndani ya kofia ndefu za mabwana ili zikae vizuri kichwani. Mwaka 1871 Albert Jones wa New York akapata hati ya kutumia karatasi ya mawimbi kufungia chupa na vioo vya taa visivunjike, miaka mitatu baadaye Oliver Long akaongeza laina. Na boksi la kukatwa na kukunjwa kwa pigo moja lilitokana na ajali, Robert Gair, Mskoti aliyekuwa na kiwanda Brooklyn, miaka hiyohiyo ya 1870 alikuwa anatengeneza mifuko ya mbegu, chuma kilichotakiwa kukandamiza mkunjo kikasogea kikakata mifuko. Badala ya kumfokea mtu akaona kumbe naweza kukata na kukunja kwa mpigo mmoja. Mpaka leo ndo hivo, kiwandani wana ubao mkubwa umepachikwa visu na vyuma butu, visu vinakata, vyuma butu vinaweka mkunjo, wenyewe wanaita daikati. Ule ubao ndo unaokula hela, kwa hiyo kuagiza stendi 10 na kuagiza 60 tofauti ya bei ya jumla siyo kubwa unavyodhani.

Sasa deki. FSDU za kweli zilikuja mwezi uliofuata (bosi alilipa kwa shingo upande na nilisikia habari zake mpaka Krismasi), tukaziweka kwenye supamaketi kadhaa, nikapiga picha, nikapost status. Wiki ya tatu machandaiza ananipigia, bro njoo uone. Nimefika nakuta stendi imeinama kama mlevi anasubiri daladala, chini imevimba, rangi imekuwa ya chai. Kila asubuhi kabla duka halijafunguliwa dada wa usafi anapiga deki, anamwaga ndoo ya maji ya sabuni, maji yanatembea mpaka kwenye stendi na boksi linayanywa taratibu kama utambi. Nikamwomba, "Dada yangu, ukifika hapa naomba usimwage." Akaniambia, "Kaka, mi nimeambiwa sakafu ing'ae, hilo boksi lako halinilipi." Ana haki.

Na hata bila deki, hewa yenyewe ya Dar ni maji. Watu wa maboksi wana jedwali lao, boksi linalobeba mzigo wake wote kwenye unyevu wa hewa wa asilimia 50, likiwekwa kwenye asilimia 80 linabaki na kama theluthi mbili ya nguvu, kwenye 90 linabaki na nusu hivi. Sa fikiria masika hapa, au Tanga, au Mombasa, stoo haina hata dirisha, asubuhi unyevu unapita 90. Stendi iliyochorwa kwa ajili ya Ulaya ukiileta pwani bila kuongeza kitu umeleta nusu stendi. Tulichofanya awamu ya pili, tukaweka kitako tofauti kilichopakwa nailoni ya uwazi mpaka sentimita 15 kutoka chini na vimiguu vya plastiki ili boksi lisiguse sakafu kabisa. Nailoni hiyo ina ubaya wake, wale vijana wanaokusanya maboksi ya kuuza kwa kilo hawaipendi, kurejeleza karatasi iliyovaa plastiki ni shughuli, kwa hiyo weka kitakoni tu, huko juu acha vanishi inatosha.

Halafu kuna gondola. Zile shelfu ndefu za chuma katikati ya supamaketi ndo gondola, jina la mitumbwi ya Venice, na mwisho wa kila gondola pale kwenye njia kuu panaitwa gondola endi, kiwanja cha Masaki cha supamaketi, watu wanagombania na wanalipia. Ukipapata unavalisha pale kwa boksi zilizochapwa, kichwa juu, kuta pembeni, kitako chini, chuma kinapotea, ila ile ni nguo tu, mzigo unabebwa na shelfu ya duka. Usiagize nguo ukadhani umeagiza stendi, hilo nalo lina mtu wake, siyo mimi safari hii.

Ubavuni mwa gondola endi inaning'inizwa ile nyembamba ndefu, Wamarekani wanaita saidikiki au pawa wingi. Sisi kwenye timu tunaiita kibegi kwa sababu imevaliwa mgongoni na shelfu. Kibegi kinafaa vitu vidogo vyepesi, wembe, miswaki, viungo vya chai. Kulabu zake ndo kila kitu, pima matundu ya shelfu ya duka kabla, kila supamaketi ina shelfu za kutoka kwake na matundu hayafanani, nimeona mtu kaleta vibegi 30 vikafungwa kwa waya wa umeme.

Dampu bini naipenda kuliko zote. Ni lile kapu kubwa la boksi unamwaga bidhaa bila kupanga, watu wanachimbua. Kitu kikiwa kimemwagwa mtu anakiona cha bei nafuu hata kama bei ni ileile, anachokoachokoa kama yuko kwenye mtumba Karume, na akishashika keshanunua. Siri yake iko ndani, kapu lina kimo cha kiuno lakini sakafu yake ya kweli iko katikati, huko chini ni hewa na vikingi vya boksi, kwa hiyo pakiti 80 zinaonekana kama gunia. Na litengenezwe la pembe nane, la pembe nne likijazwa linatoa tumbo.

Za paleti nitapita haraka kwa sababu kwetu ni maduka machache yenye nafasi na folklifti ya kuingiza ndani. Unachukua paleti zima, la Ulaya ni milimita 1200 kwa 800, nusu yake ni 800 kwa 600 ambayo utasikia ikiitwa ya Düsseldorf, robo ni 600 kwa 400, mzigo unapangwa kiwandani kabisa, unafunikwa, dukani wanavua kifuniko na kuondoka. Chochote kinachokuja kimeshajazwa hivyo kinaitwa shipa. Tofauti ya shipa na stendi inayokuja bapa ni nani anapata shida, kiwanda au machandaiza wako, na machandaiza wangu mmoja ameshawahi kuunga FSDU nzima kichwa chini miguu juu kwa sababu karatasi ya maelekezo ilichapwa upande ambao ukishakunja unabaki ndani.

Ndani ya shelfu yenyewe kuna zile katoni unachana mbele kwa kufuata vitobo inakuwa trei, herufi zake SRP, shelf ready packaging. Ulaya maduka kama Aldi yanauza bidhaa zikiwa kwenye katoni zake, na watu wa maduka huko wana masharti matano ya katoni hizo, iwe rahisi kuitambua, kuifungua, kuiweka, kununua kutoka humo na kuitupa. Ya kwetu sharti la pili linaua, vitobo havichaniki, kijana wa stoo anachukua wembe, anakata katoni na pakiti za ndani humohumo.

Zinazoongea tu ni hizi: wobla, kale kaduara kanakotikisika kwenye ukingo wa shelfu kwa ulimi wa plastiki, shelfu toka, kabango kadogo kanakokaa kwenye reli ya bei, dangla, ya kuning'inia darini, na klipu stripu ambayo kidogo ina utata kwa sababu inabeba mzigo, ni ukanda wenye vishikizo unaning'iniza pakiti ndogondogo. Ingawa klipu stripu Mangi alishaijua kabla yetu, zile sacheti za shampuu na sabuni zinazoning'inia kwenye msumari kama shanga, unakata moja unauza, hakuna aliyemchorea.

Zile CDU 60 mnauliza ziliishaje. Kama 40 zilikaa kwa mamangi, zingine 9 ziliota ukungu stoo, na zilizobaki sijui, nadhani machandaiza mmoja alizigawa kwa ndugu zake. Ya Mbagala iliyokatwa kichwa ipo mpaka leo, imebeba viberiti na kalamu, biskuti zetu haijazibeba tangu mwaka juzi, na kila nikipita Mangi ananiambia "kijana wangu ile stendi yako imara kweli."

Siku hizi nikiagiza siandiki stendi. Juzi nimemtumia jamaa yuleyule meseji, naiweka kama ilivyo: "Kaka habari. Naomba bei ya FSDU 40, inasimama sakafuni, kimo sm 150 pamoja na kichwa, upana 45, kina 35, shelfu 4, kila shelfu kilo 12, boksi E na B, mawimbi ya kuta wima, kitako nailoni sm 15 na vimiguu vya plastiki, ije bapa, maelekezo yachapwe upande wa nje. Kabla ya kuchapa naomba dami nyeupe nijaze mzigo niiache siku tatu." Na picha nimemwekea, safari hii mimi mwenyewe nimesimama pembeni ya stendi ya zamani nimenyoosha mkono.

Tiki mbili za bluu. Anaandika, anaacha, anaandika. Jibu: "Sawa kaka nimekupata, hizi ni za chini au za juu?"